Kombe na bara lililohama: kazi unayoweza kuianzia Moshi

Vijana wanaokuja barazani kwangu Jumamosi huanza na swali lilelile: "Shikamoo mwalimu. Makombe ya mawe tutayachimba wapi hapa Moshi?" Hapa hamtayachimba. Kilimanjaro ni volkano, na mwamba uliotoka chini ukiwa uji wa moto hauna kombe la bahari. Lakini kujua kipande cha ardhi kilikuwa jirani na nani kabla hakijahama ni kazi ambayo nusu yake ni ya mezani. Mimi huifanya hivi.

Hatua ya 1: Pata kombe lenye kwao

Panda basi la Tanga. Maeneo ya Amboni yana jiwe la chokaa la kipindi cha Jurasiki, enzi za dinosaria. Ukuta wa pango usiuguse, piga picha tu. Na popote unapotaka kuchukua kitu, omba kibali kwanza. Kwa kila kombe andika mahali, tabaka, na kama ulilikuta ndani ya mwamba au limeshaporomoka. Lililoporomoka ni pambo la kabatini. Andika kwa penseli. Niliwahi kutumia kalamu ya wino, mvua ikatukuta Muheza, nikarudi na mfuko mzima wa makombe yasiyo na kwao.

Nyumbani safisha kwa maji na mswaki. Siki weka mbali: inakula chokaa ya jiwe na ya kombe bila kubagua.

Hatua ya 2: Jua umeshika nani

Kombe la jamii ya chaza na kome kwa kawaida lina vifuniko viwili vinavyofanana kama viganja vya mikono. Brakiopodi ni mnyama mwingine kabisa: vifuniko vyake havilingani, ila kila kimoja ukikikata katikati, kushoto na kulia vinalingana. Baada ya hapo tazama bawaba, pale vifuniko viwili vinapoungana, kwa lenzi. Mapambo ya nje hudanganya. Meno ya bawaba hudanganya kidogo.

Hapa usiwe na haraka, maana jina likikosewa hesabu yote inaharibika. Mfano uko kwetu, Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913. Katikati ya matabaka yenye mifupa kuna matabaka ya bahari, na moja liliitwa kwa jina la Trigonia smeei, kombe linalojulikana kutoka Kachchh, India. Baadaye la Tendaguru likapewa jina lake, Indotrigonia africana, na la Kachchh likawa Indotrigonia smeei. Ni ndugu, si mtu mmoja. Ukinakili orodha ya zamani utahesabu spishi moja kwa pande zote mbili, wakati wanachoshiriki ni jenasi, yaani kundi la spishi ndugu. Undugu huo bado ni ushahidi mzito: leo Lindi na Kachchh zimeachana kwa zaidi ya kilomita 4,000, lakini enzi hizo India ilikuwa kusini, ubavuni mwa Madagaska.

Hatua ya 3: Muulize alisafirije

Wengi huiruka hatua hii, nami ndiyo ninayoipigania. Kombe mzima hukaa mchangani, lakini mtoto wake huelea majini. Akielea wiki kadhaa, mkondo unaweza kumvusha bahari, na kumkuta pande mbili hakuthibitishi kwamba pande hizo zilikaribiana. Akielea siku chache, huyo ndiye shahidi wako.

Utajuaje? Tazama ncha ya kombe, pale lilipoanza kukua. Kombe la utotoni likiwa limesalia (mara nyingi limesagika, vumilia), pima sehemu ya mwanzo kabisa. Ikiwa kubwa, mtoto alitoka na akiba ya yai na hakuelea sana. Ikiwa ndogo na imefuatwa na sehemu ndefu ya pili, alikuwa akijilisha majini, msafiri huyo. Halobia wa kipindi cha Triasiki ametapakaa dunia nzima: anafaa kutaja umri wa mwamba, si asili yake.

Hatua ya 4: Jedwali

Jenasi ziende chini, mahali paende juu, weka 1 au 0. Linganisha matabaka ya umri mmoja tu. Tuseme orodha ya kwanza ina jenasi 20, ya pili 15, na 10 ni za pamoja. Gawa 10 kwa jumla ya jenasi zote bila kurudia, yaani 25: unapata 0.4, ndicho kipimo cha ufanano. Sehemu moja ikiwa imechimbwa kidogo, gawa kwa orodha fupi badala yake: 10 kwa 15, karibu 0.67. Mimi huandika zote mbili.

Hatua ya 5: Rudia kwa kila zama

Namba moja haisemi kitu. Tazama inavyopanda na kushuka. Avalonia, kipande kinachobeba Wales na mashariki ya Newfoundland, miaka milioni 480 hivi iliyopita kilikuwa na wanyama wanaofanana na wa Gondwana, bara kuu la kale lililounganisha Afrika, India, Australia na Amerika Kusini. Kadiri kilivyosogea kaskazini, brakiopodi wake wakazidi kufanana na wa Baltica (Ulaya kaskazini ya kale) na Laurentia (Amerika Kaskazini ya kale). Kwa mabara yanayoachana, kama India na Madagaska zilizotengana miaka milioni 88 hivi iliyopita, tarajia namba zishuke.

Hatua ya 6: Ondoa baridi kwenye hesabu

Eurydesma, kombe nene la kipindi cha Permi, limepatikana Australia, Argentina, Namibia na Pakistani. Ushahidi wa Gondwana, ndiyo, lakini pia alipenda maji baridi, kwa hiyo sehemu ya ufanano huo ni hali ya hewa tu. Usumaku uliofungwa ndani ya mwamba hukupa umbali kutoka ikweta. Sehemu mbili zikiwa zilikaa umbali mmoja kutoka ikweta na makombe yake bado hayafanani, kuna kitu kilichowatenga zaidi ya baridi, huenda bahari pana. Sumaku haikwambii upana wake kutoka mashariki hadi magharibi. Hapo unarudi kwenye jedwali.