SOMO: Kuanza meditesheni bila kujitesa (soma kabla ya kunijia inboksi)

Wakuu salaam. Wiki hii nimeulizwa swali moja mpaka nimechoka: "Unaanzaje meditesheni?" Kuna aliyeniuliza akiwa juu ya boda, injini inaunguruma, anataka jibu kabla taa haijawa kijani. Naandika mara moja, wengine wakiuliza nitakuwa nawatumia huu uzi.

Mimi si mtawa wala daktari. Ni fundi friji hapa Dar, nilianza 2019 baada ya usingizi kunikimbia. Nitaeleza njia moja tu ya kutuliza akili, ya kuhesabu pumzi, kwa sababu ndiyo niliyoikosea mpaka nikaijua vizuri.

Hatua ya 1. Dakika tano, kila siku, muda ule ule. Si saa nzima Jumapili halafu basi.

Hatua ya 2. Simu weka modi ya ndege, tega alamu.

Hatua ya 3. Kaa. Kiti, kigoda, ukingo wa kitanda, popote. Mgongo wima, mikono mapajani. Hayo mambo ya kukunja miguu kama kwenye picha si lazima. Mimi nilikunja siku ya kwanza, mguu ukafa ganzi, alamu ilipolia nikainuka kwa pupa nikaangukia ndoo ya maji. Ukipenda kukaa chini, weka mto chini ya makalio ili magoti yawe chini kuliko nyonga.

Hatua ya 4. Funga macho, au yaache nusu ukitazama sakafu.

Hatua ya 5. Pumzi. HAPA TULIENI.

Usivute pumzi. Iache ije yenyewe. Najua unaona ni kitu kidogo, hata mimi niliona hivyo. Nilikuwa nimeangalia video, jamaa anasema jaza mapafu, toa yote, jaza tena. Nikakaa nikaanza kuvuta kama mtu anayepuliza mkaa mbichi. Haikuchukua muda vidole vikaanza kuchomachoma kama nimeshika waya wenye shoti. Midomo ikafa ganzi. Kichwa kikawa chepesi. Nami badala ya kuacha nikajisemea: ndizo nguvu zenyewe hizo, zimefika! Nikaongeza mwendo. Mke wangu kuamka ananikuta nimeegemea kabati, nimepauka, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku wa kuchemsha. Yeye akawaza kiharusi. Jirani aliyeitwa akawaza jini, na kabla sijaweza kusema neno alishawasha ubani.

Halikuwa jini. Ukipumua haraka na kwa nguvu kuliko mwili unavyohitaji, unatoa hewa ukaa nyingi mno. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa, unapata kizunguzungu, na neva zinaanza kushtuka ovyo, ndiyo ile michomo na vidole kukakamaa. Oksijeni ulikuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo. Mafundi wenzangu watanielewa: friji yenye gesi kamili ukiiongezea gesi haigandishi zaidi, unaua kompresa.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mahali unapoisikia pumzi, puani inapopita au tumboni panapopanda na kushuka. Baki hapo hapo. Ikija fupi, sawa. Ikija ndefu, sawa. Ukiona huwezi kuacha kuiendesha, hamisha akili kwenye nyayo zako kwa dakika moja, sikia sakafu ilivyo baridi, halafu rudi kwenye pumzi. Utaikuta inaenda bila wewe.

Tahadhari, na hizi sitanii:
Vidole vikianza kuchoma au kichwa kuzunguka, acha, fungua macho, pumua kawaida. Kwangu iliisha dakika chache tu baada ya kuacha.
Usibane pumzi, hasa mwenye pumu, tatizo la moyo au mimba.
Usifanye ukiwa unaendesha chombo.
Kama umewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au kuna jambo baya lililokupata na ukitulia tu linarudi, ongea na daktari kwanza. Kukaa kimya si dawa ya kila mtu.

Hatua ya 6. Hesabu. Pumzi ikitoka, moja. Ikitoka tena, mbili. Mpaka kumi, halafu unaanza moja. Akili itaondoka: kodi, Simba na Yanga, mtu aliyekujibu vibaya 2014. Ukigundua imeondoka, rudi moja bila kujitukana. Kule kugundua ndiko zoezi lenyewe. Aliyekwambia kichwa kiwe kitupu alikudanganya.

Hatua ya 7. Alamu ikilia, nyoosha miguu kwanza ndipo usimame. Ndoo ni shahidi.

MASWALI

Chumvi Kidogo: Mkuu somo zuri. Sasa ni dakika ngapi kwa siku? Na lazima kukunja miguu?

Mleta mada: Hatua ya 1 na ya 3.

Chumvi Kidogo: Si ungejibu tu jamani.

Mleta mada: Nimejibu tangu asubuhi, ipo hapo juu.

Sauti ya Nyikani: Huko ni kuabudu mashetani ya Kihindi. Ndugu zangu muogopeni Mungu.

Mleta mada: Onyesha mstari niliosema uabudu kitu. Nimesema hesabu mpaka kumi. Ni kweli Wabudha wameifanya karne nyingi, na hekalu lao lipo hapa hapa Upanga, sijaficha. Lakini John Main alikuwa mtawa Mbenediktini, alijifunza kwa mwalimu wa Kihindu katika nchi ambayo leo ni Malaysia, akaenda kuwafundisha Wakristo wenzake kukaa kimya na neno moja tu, "Maranatha". Kule Marekani Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia, aliipeleka kwa wagonjwa wa hospitali mwaka 1979, darasa la wiki kadhaa, bila dini yoyote ndani yake. Na hapa kwetu pwani watu wa twarika, Waislamu wa Kisufi, wanaleta dhikri kwa pumzi tangu babu zetu. Kama imani yako inakataa, acha, hatutagombana.

Mama Pacha: Shikamoo kaka. Mimi shida yangu ni hesabu. Kuna kitu ndani kinahesabu chenyewe huku mimi nawaza ada za watoto, nikishtuka nipo 27! Nakosea wapi?

Mleta mada: Marahaba dada. Swali zuri kuliko yote leo. Hujakosea, ila hesabu imekuwa kama wimbo wa redio, inaimba na wewe upo jikoni. Jaribu moja kati ya haya. Kwanza, usitaje namba mwanzoni mwa pumzi, subiri itoke yote, taja pale mwishoni kabisa, kwenye kale kakimya kabla nyingine haijaingia. Pale huwezi kutaja kwa mazoea, lazima usubiri. Pili, hesabu kinyumenyume, kumi kushuka mpaka moja, wiki moja hivi. Tatu, hesabu mpaka tano tu. Na hiyo 27 ikitokea, usiione kama umefeli mara 27, umegundua mara moja, basi, rudi moja. Mimi nilishawahi kufika 60 na kitu. Ukijaribu uje utuambie ipi imekukaa.

Mzee wa Kahawa: Mimi nikifumba tu nakoroma.

Mleta mada: Saa ngapi unafanya?

Mzee wa Kahawa: Saa nne usiku, kitandani, nimelala chali.

Mleta mada: Mzee wangu, huko si kutafakari, huko ni kulala. Fanya asubuhi ukishanawa uso, kaa kwenye kigoda, macho nusu. Ukisinzia hata hapo, basi mwili unadai usingizi, ulipe kwanza.

Nipo Muscat: Nafanya kazi za ndani huku, sina chumba cha peke yangu. Huwa nafanya wakati wa kumenya vitunguu saumu. Kila punje naisikia ganda linavyoachia, kucha inavyoingia. Nikijikuta nipo nyumbani Muheza na mama, narudi kwenye punje. Hii nayo inahesabika?

Mleta mada: Dada, inahesabika sana. Umeniongezea somo, mimi sikuwa nimefika huko. Kuosha vyombo nako ni hivyo hivyo: povu, joto la maji, uzito wa sahani. Ila kwenye pasi na mafuta ya moto usijaribu, hapo macho yawe kazini.

Nipo Muscat: Nimeelewa kaka. Punje saba leo bila kwenda Muheza.

Kaka Mpole: Wadau, na mbu je? Alfajiri wananimaliza.

Mama Pacha: Kaa ndani ya chandarua kaka, mimi ndivyo nifanyavyo. Ule moshi wa dawa ya kuwasha unakwangua koo.

Kaka Mpole: Chandarua kinaleta joto, na feni yangu inanguruma kama mashine ya kusaga, inazunguka kivivu.

Mleta mada: Inaguna na kuzunguka polepole hata ukiweka namba tano? Ya darini?

Kaka Mpole: Hiyo hiyo.

Mleta mada: Anza na kapasita, kile kidude cha umeme kinachoisaidia feni kuzunguka. Zima umeme kwenye swichi kuu, si ya ukutani tu, fungua kifuniko cha juu, soma namba ya maikrofaradi (ndicho kipimo cha kapasita), feni nyingi za darini ni 2.5. Nunua yenye namba ile ile, usiongeze. Ikibaki kuguna, cheki beringi.

Chumvi Kidogo: Kwa hiyo hiyo kapasita ndiyo inasaidia kutuliza akili?

Mleta mada: Chumvi, rudi moja.

Mama Pacha: Kaka nimerudi. Ile ya kutaja namba mwishoni ndiyo imenikaa. Leo nimefika kumi mara mbili, ya tatu mapacha wameamka.