Somo: Kupima na kutunza medali za fedha za Iditarod

Iditarod ni mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloburutwa juu ya theluji. Hufanyika Alaska, Marekani, kila Machi tangu 1973, kutoka Anchorage hadi Nome, mwendo wa karibu maili 1,000 (kilomita 1,600). Medali tunazozungumzia si zile za kuvishwa mshindi shingoni. Ni vipande vya mviringo vya fedha vilivyopigwa chapa kwa kumbukumbu ya mashindano hayo na kuuzwa kwa wakusanyaji. Wapo wanaoziita sarafu, lakini hazina thamani ya pesa iliyoandikwa juu yake wala huwezi kununulia kitu dukani. Anayenunua hulipia vitu viwili: madini yenyewe, ambayo yana bei ya soko kila siku, na kumbukumbu iliyochorwa juu yake, ambayo bei yake ni mapatano ya wanaoipenda. Anza na madini. Huko ndiko mnunuzi anakopigwa, na huko ndiko vipimo vinakosema kweli.

Vifaa: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kubana kitu na kusoma unene au kipenyo chake), sumaku ndogo kali (zile za ndani ya diski kuu mbovu ya kompyuta zinafaa sana), glasi, mshipi mwembamba wa kuvulia, glavu za pamba na maji yaliyotoneshwa. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri kama maji ya betri. Soma lebo kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo.

Hatua ya 1: Soma maandishi yote, pamoja na ya ukingoni

Unatafuta ".999 FINE SILVER" (sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha) na uzito, mara nyingi "1 TROY OZ". Ukikuta "silver plated", "clad" au "layered", hiyo ni ya kuchovya: ngozi nyembamba ya fedha juu ya madini mengine. "German silver" na "nickel silver" hazina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Andika pia namba ya toleo kama ipo, ulinganishe na ya kwenye cheti.

Hatua ya 2: Uzito na vipimo

Aunsi ya troy ni gramu 31.10. Aunsi ya kawaida ya kupimia vyakula ni gramu 28.35, na tofauti hiyo ya karibu gramu 3 ndiyo inayowaponza wengi. Kwa sonara anayehesabu kwa tola, aunsi ya troy ni tola 2 na theluthi mbili kamili. Medali ya aunsi moja yenye kipenyo cha milimita 39 huwa na unene wa wastani wa milimita 2.5 hivi. Kalipa itakuonyesha zaidi kwa sababu inashika ukingo, ambao umeinuka kuliko uwanja wa katikati, basi usiikatae medali kwa milimita 2.8 au 3. Itilie shaka ikiwa na uzito sahihi huku imenenepa kupita kiasi: madini mepesi yanahitaji nafasi zaidi ili kufikia gramu 31.

Hatua ya 3: Sumaku

Fedha haishikwi na sumaku. Medali ikinasa, ndani mna chuma, na kazi imeisha. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu. Iegemeze kama nyuzi 45, itandikie juu karatasi nyembamba ya plastiki kuzuia mikwaruzo, kisha achia sumaku iteleze. Juu ya fedha itashuka polepole, kama inayozuiwa na mkono, kwa sababu mwendo wa sumaku huamsha mikondo ya umeme ndani ya fedha na mikondo hiyo huivuta nyuma. Juu ya risasi au "nickel silver" itaporomoka. Shaba nyekundu nayo huichelewesha sumaku karibu sawa na fedha, na ndiyo maana hatua ya nne haikwepeki.

Hatua ya 4: Pima ndani ya maji

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Hata hivyo, usikifanye kwa medali iliyo ndani ya kasha lililofungwa kiwandani, wala kwa ile iliyopigwa chapa maalumu ili uso wake ung'ae kama kioo, isipokuwa una shaka ya kweli.

Pima medali ikiwa kavu, tuseme gramu 31.12. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga medali kwa mshipi, izamishe yote bila kugusa chini wala kuta za glasi, usome. Fedha ya 999 itakupa takriban gramu 2.97. Gawa: 31.12 ÷ 2.97 = 10.48. Jibu hilo ni densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Densiti ya fedha safi ni 10.49, ya shaba 8.96, ya "nickel silver" karibu 8.7 na ya risasi 11.34. Medali ya "nickel silver" yenye uzito uleule ingesoma karibu 3.58, tofauti ambayo hakuna mizani nzima itakayoikosa.

Makosa ya kawaida ni matatu. Viputo vya hewa vikiganda kwenye michoro ya mbwa, usomaji hupanda na medali nzuri huonekana bandia. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji huviondoa. Medali ikigusa chini, mizani inabeba uzito wake. Na mkono ukitetemeka, namba hucheza: kosa la gramu 0.02 tu husogeza jibu kwa karibu 0.07. Ning'iniza mshipi kwenye kijiti kilicholala juu ya vitabu viwili, upime mara tatu. Kati ya 10.3 na 10.6, kubali.

Ukimaliza, suuza kwa maji safi yaliyotoneshwa na kausha kwa kugusiza kitambaa laini. Usisugue. Maji ya bomba ya mwambao yenye chumvi huacha madoa.

Hatua ya 5: Linganisha mchoro na historia

Joe Redington Sr. na wenzake walianzisha mbio ndefu mwaka 1973, na mshindi wa kwanza alikuwa Dick Wilmarth. Medali ya "mbio za Anchorage hadi Nome 1972" ina kosa lisilosameheka. Ya 1967 isikushtue, kwani mwaka huo palikuwa na mbio fupi za kumbukumbu kwenye sehemu ya njia hiyo. Libby Riddles, mwanamke wa kwanza kushinda, ni 1985. Susan Butcher alishinda 1986, 1987, 1988 na 1990. Kwa desturi miaka shufwa hupita njia ya kaskazini, miaka witiri ya kusini, hivyo ramani iliyochorwa kwenye medali inaweza kukusaidia.

Hatua ya 6: Hifadhi

Weusi wa fedha hutokana na salfa ya hewani, na unyevu huuharakisha. Tumia kasha la akriliki lenye kipenyo cha medali, pamoja na pakiti ya jeli ya silika inayobadilishwa ikishalewa unyevu. Mipira ya kufungia, gazeti na kitambaa cha sufu visiisogelee. Mifuko laini ya PVC ni mibaya zaidi: hutoa asidi na kuacha utando wa kijani. Plastiki ya PET au polipropilini ni salama. Shika ukingoni tu. Alama ya kidole kwenye uwanja unaong'aa hujichora humo daima.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu imeanza kusawijika. Bibi husafisha vikuku kwa majivu na ndimu, naweza?*
Vikuku huvaliwa, vinavumilia. Medali hapana. Majivu hukwaruza, ndimu hula uso, na manyoya ya mbwa yaliyochorwa kwa ustadi yanafutika. Weusi uliotanda sawasawa uache. Wakusanyaji wengine huupenda. Dawa ya meno nayo ni msasa.

*Na ule utando wa kijani?*
Asetoni safi, kwenye chombo cha kioo, dakika chache, mbali na moto na madirisha yakiwa wazi. Si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ina mafuta na manukato. Medali iliyopakwa rangi usiitie, rangi itatoka.

*Wakuu, mbwa wangu wamepakwa dhahabu. Kipimo cha maji kinaharibika?*
Hapana. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno kubadilisha jibu. Lakini usilipe bei ya dhahabu kwa ajili yake.

*Kipimo cha maji kinatofautisha 925 na 999?*
Kwa shida. 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1,000) ina densiti ya 10.36 hivi, kwa aunsi moja tofauti kwenye glasi ni gramu 0.04. Mpelekee mwenye mashine ya eksirei ya kupimia madini. Usikubali ijaribiwe kwa asidi na jiwe, kwa sababu alama ile haitoki.

*Nina ya 2021 inayoonyesha njia ya kwenda na kurudi, haifiki Nome. Ni bandia?*
Si lazima. Mwaka huo, kwa sababu ya korona, mbio zilikwenda hadi eneo la Iditarod, mji mahame uliozipa mbio jina, kisha zikarudi zilikotoka. Ramani kama hiyo ni sahihi. Endelea na hatua ya 2.

*Sonara hapa mjini ananipa bei ya fedha tu.*
Yeye atayeyusha, na bei yake ni ya haki kwa kazi yake. Hesabu bei ya aunsi ya siku hiyo, uione kama sakafu. Cha juu ya hapo utakipata kwa mkusanyaji, na ataomba picha za pande zote mbili, ukingo, cheti na boksi la asili. Boksi usilitupe.