Misuli ya Mbele ya Paja: Kuitambua na Kuiandaa kwa Mteremko

Kupanda kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala kunamaliza pumzi, lakini kuteremka ndiko kunakoacha mapaja yakiuma, na maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Katika mteremko misuli ya mbele ya paja hurefuka huku imekaza, ili goti lisikunjike ghafla chini ya uzito wa mwili. Hiyo ni kazi ya breki, na wengi hawaifanyii mazoezi kabisa.

Misuli yenyewe ni minne. Kaa mkekani, nyoosha mguu, weka khanga iliyokunjwa chini ya goti, uikandamize kwa sekunde 5. Kinachotuna juu kidogo ya goti, upande wa ndani, ni vastasi medialisi. Upande wa nje ni vastasi lateralisi, mkubwa kuliko wenzake. Hapo ndipo watoto wachanga hudungwa chanjo. Wa katikati ni rektasi femorisi, na chini yake kuna vastasi intamediasi, ambao vidole havitaufikia. Yote huungana kwenye kano inayoshika pia ya goti, kisha kano inaendelea hadi kinundu cha mbele ya mfupa wa muundi. Misuli ikikaza, goti linanyooka.

Rektasi femorisi pekee huanzia kwenye mfupa wa nyonga, kwa hiyo huinua paja pia. Mchezaji anapojiandaa kupiga shuti, paja liko nyuma na goti limekunjika: msuli umevutwa juu na chini, halafu unatakiwa kukaza ghafla. Ndiyo maana huchanika mara nyingi kuliko mitatu mingine.

Kwa mazoezi, tafuta kiti cha kawaida, kimo cha sentimita 45 hivi. Simama, miguu upana wa mabega, ushuke kwa kuhesabu hadi 3, gusa kiti bila kujibwaga, uinuke. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mizunguko 3. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, ukiacha siku moja katikati. Ukizoea, hamia kwenye ngazi ya sentimita 15 hadi 20: simama juu kwa mguu mmoja, ushushe kisigino cha mguu mwingine polepole hadi kiguse chini. Hili ndilo linalofanana zaidi na mteremko.

Goti likiingia ndani, punguza kimo. Lielekee vidole vya mguu. Ukijibwaga sentimita za mwisho, umeikosa sehemu yenye faida. Na usidhani kuokota korosho shambani kumeshakufanyia kazi hii: wengi huinama kiunoni magoti yakiwa karibu yamenyooka, mzigo ukaishia mgongoni na nyuma ya mapaja.

Ukipigwa goti la paja uwanjani, kunja goti kadiri linavyoruhusu bila maumivu makali, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20. Siku mbili tatu za mwanzo usichue wala kukanda kwa maji moto, hata mtu akusisitize vipi: damu huzidi kuvuja ndani, na pengine mfupa huota katikati ya msuli. Asiyeweza kabisa kunyoosha goti, au anayeona shimo juu au chini ya pia ya goti baada ya kuumia, huenda kano imekatika. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi.