Jinsi ya kulinganisha ubunifu wa nchi bila kupotoshwa na nafasi

Kila Septemba, Fahirisi ya Ubunifu Duniani, ripoti inayozipanga nchi kwa ubunifu wao, inapotoka, magazeti hukimbilia nafasi: Uswisi ya kwanza (imekaa hapo tangu 2011), na sisi je, wa ngapi? Mimi nafasi huitazama mwisho. Unachohitaji ni ripoti yenyewe, inayotolewa bure mtandaoni na WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, pamoja na Excel.

1. Chagua wenzako. Kenya na Uswisi hazina la kulinganishana. Ripoti hugawa nchi kwa kanda na kwa kipato. Anza na kundi la kipato. Kenya na Tanzania zimo katika kipato cha kati cha chini, Uganda na Rwanda katika kipato cha chini.

2. Fungua ukurasa wa nchi, usome nguzo 7. Tano ni za kinachowekezwa: taasisi, rasilimali watu na utafiti, miundombinu, masoko, na uwezo wa kampuni. Mbili ni za kinachozalishwa: maarifa na teknolojia, kisha kazi za ubunifu. Alama ya jumla ni wastani wa makundi haya mawili, na hapo ndipo wengi hupitwa. Kila nguzo ya uwekezaji hubeba asilimia 10 ya alama, lakini kila nguzo ya matokeo hubeba 25. Waziri akijenga miundombinu hadi nguzo hiyo ipande alama 10, jumla itaongezeka 1 tu. Nguzo ya matokeo ikipanda 10 hizohizo, jumla itaongezeka 2.5.

3. Kokotoa kiashiria kimoja (takwimu moja kati ya zinazounda nguzo) kwa mkono. Toa thamani ya chini kabisa katika thamani ya nchi yako, gawanya kwa tofauti kati ya thamani ya juu kabisa na ya chini kabisa, zidisha kwa 100. Tuseme nchi ya mwisho haitumii kitu kwenye utafiti, ya kwanza hutumia asilimia 5 ya pato la taifa, yako 0.5: alama yako ni 10. Ukiona hivyo utaelewa kwamba nchi yako inaweza kuongeza matumizi na bado ikashuka, kwa kuwa ya juu imekimbia zaidi.

4. Hesabu mapengo. Pita kwenye jedwali uandike viashiria visivyo na takwimu, na vyenye takwimu za zamani (ripoti huvitia kialama). Kilichokosekana hakipewi sifuri. Wastani huchukuliwa kwa vilivyopo. Nchi huingizwa ikiwa na angalau theluthi mbili ya viashiria kila upande, wa uwekezaji na wa matokeo. Kwa hiyo ofisi ya takwimu inayopeleka namba mbaya kwa uaminifu inaweza kuishusha nchi yake, na iliyonyamaza ikasalimika. Hili huwa nalitaja waziwazi kwa yeyote aliyeniagiza kazi.

5. Usiunganishe miaka ovyo. Kenya ilikuwa ya 88 mwaka 2022, ikawa ya 100 mwaka 2023. Kabla ya kuandika "yaporomoka", angalia kama viashiria au idadi ya nchi zimebadilika. Angalia pia masafa ya nafasi, yaani kutoka ya ngapi hadi ya ngapi, ambayo ripoti huipa kila nchi kwa uhakika wa asilimia 90. Huko katikati alama zimebanana, na desimali chache hukurusha nafasi kadhaa.

6. Chora mstari wa kipato. Mlalo weka logi (logarithm) ya pato kwa kila mtu, wima weka alama, kisha ongeza mstari wa mwelekeo. Walio juu ya mstari wanafanya vizuri kuliko kipato chao kinavyotarajiwa. India, Kenya, Moldova na Vietnam zilikaa huko kwa zaidi ya muongo.

7. Andika kisichopimwa. Fahirisi huhesabu hataza (haki za uvumbuzi uliosajiliwa), na miaka ya nyuma ilihesabu hata mabadiliko yaliyofanywa kwenye Wikipedia. Fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, anayebuni mashine ya kukata majani ya ng'ombe na kuiuza bila kuisajili popote hamo. Mpe aya yake kabla ya jedwali, maana wasomaji wengi wakishafika kwenye jedwali hawarudi nyuma.