Kabla ya kushona tandiko la viraka: fungua mfuko wa vipande kwanza

Nyumba nyingi zina mfuko wa namna hii: mabaki ya kitenge yaliyorudi na gauni kutoka kwa fundi, kanga iliyochanika katikati huku pindo zake zikiwa nzima, mashati yaliyowabana watoto. Anayeamua kuvishona tandiko la kitanda huvutwa kwanza na rangi. Ningeomba rangi zisubiri. Tandiko la viraka huharibikia kwenye karai la kufulia kuliko kwenye cherehani, na chanzo chake karibu kila mara ni vitambaa vya tabia tofauti vilivyounganishwa bila kupimwa.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha pamba na visivyo pamba. Vitenge vinafanana sana kwa macho, na vingine ni poliesta tupu. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na rundo lako, kisha uziwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Ukizichanganya, pamba itajikunja baada ya kufuliwa na poliesta itabaki vilevile, kisha mshono utavutana na kutoa mikunjo isiyonyooka hata kwa pasi. Na pasi yenye moto wa kutosha kwa pamba huweza kuyeyusha poliesta. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana na jezi, viweke kando kwa kazi nyingine. Kilichochakaa kinyanyue kwenye mwanga wa dirisha, kisha ukivute kwa mikono miwili, kikilia, kiache.

Kinachofuata ni kufua, na hapa nasisitiza: fua kabla ya kukata. Kitambaa kipya kina dondo, na dondo likitoka kitambaa hulainika na kupungua. Nyekundu iliyokoza, buluu ya usiku na nyeusi ziloweke peke yake kwenye maji ya uvuguvugu, kisha bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake. Kikipata rangi, rudia. Wengi huamini kwamba chumvi au siki hufunga rangi, lakini kwa rangi za viwandani za siku hizi usizitegemee. Kinachoendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara kadhaa hakifai kukaa jirani na cheupe. Vipande ambavyo tayari ni miraba midogo vitie ndani ya foronya, funga mdomo wake, na usivifikiche, la sivyo vitachanuka nyuzi.

Kuna maandalizi mengine yasiyohusu maji wala moto. Baadhi ya vitambaa vina wenyewe. Kanga za mama aliyefariki, shati la babu, kitenge cha sare ya harusi ya dada: kabla mkasi haujagusa, waulize ndugu, hata kama mfuko umelala kwako miaka yote. Mwingine angependa doti ibaki nzima, na ana haki hiyo. Wakikubali, amua mapema kuhusu jina la kanga, yale maneno yaliyo juu ya pindo. Msemo uliokatwa nusu hupoteza maana, wakati mwingine hugeuka kuwa neno la aibu. Mimi hupenda jina likatwe zima kama ukanda mrefu na kuwekwa upande wa kichwani, ambapo mwenye kitanda atalisoma kila siku.

Sasa hesabu. Godoro la futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka tandiko lining'inie inchi 10 kila ubavu na inchi 13 miguuni, unahitaji inchi 80 kwa 85. Miraba inayobaki inchi 5 baada ya kushonwa hukatwa inchi 5 na nusu, maana kila upande unakula robo inchi. Ni miraba 16 kwa upana na 17 kwa urefu, yaani 272. Kata michache ya akiba. Robo inchi hiyo iheshimu. Mshono ukizidi kwa nusu ya robo tu, kila kiungo kinapoteza robo inchi, na kwa viungo 15 vya mstari mmoja utakosa karibu inchi 4.

Kata kwa kufuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika pembeni na mraba hugeuka kuwa kitu kingine. Kielelezo cha kukatia kitengeneze kwa plastiki ngumu, mfano jalada la faili, kwa sababu boksi hulika kingo kadiri unavyochora.

Upande wa chini, kitenge cha yadi 6 chenye upana wa inchi 45 kinatosha. Kata vipande viwili vya yadi 2 na nusu, viunganishe kwa urefu, na yadi iliyobaki itatoa ukanda wa kuzungushia kingo. Cha kuweka katikati hutegemea unakoishi. Dar es Salaam au Mombasa usiweke kitu: tandiko jepesi hufulika na kukauka hata msimu wa mvua. Njombe au Limuru, blanketi jembamba la zamani lililofuliwa linafaa. Sufi iache kwenye mito, hukusanyika pembe moja. Blanketi likiwa ndani, panga pia utakavyolishikiza, kwa mishono au kwa mafundo ya uzi mnene kila zinapokutana pembe nne.

Vifaa ni vichache: sindano mpya ya cherehani namba 14, mkasi usiokatia karatasi, pini, na uzi wa kijivu, ambao hujificha kwenye karibu kila rangi.

Asiye na cherehani, au mwenye vipande vya kila umbo, atazame kwanza kazi ya wanawake Wasidi wa Karnataka, India, jamii yenye asili ya Afrika ambayo wengi wa wazee wao walifikishwa huko utumwani kupitia Goa ya Wareno. Matandiko yao, kawandi, hushonwa kwa mkono kutokana na nguo kuukuu. Hutandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari, huanzia pembeni na kuweka kipande baada ya kipande wakizunguka kuelekea katikati. Njia hiyo haidai kipimo kimoja, na huokoa vipande vingi ambavyo miraba ingevitupa.

Ukiamua miraba, itandaze yote sakafuni ndipo rangi zipate zamu yake. Piga picha kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe: palipokusanyika giza patajionyesha, badilisha. Ukiridhika, kusanya kila mstari kuanzia kushoto, utoboe kwa uzi mmoja na karatasi yenye namba yake.