Ukitoka leba na kinyongo moyoni

Uchungu wa mwanangu wa kwanza ulikwenda saa 26, hospitali moja hapa Dar. Nikiuliza kitu naambiwa, "Sukuma, acha kudeka." Nikaongezewa njia, nikashonwa, hakuna aliyenieleza. Nilirudi Mbagala kwa bajaji nimekalia upande mmoja, nalia.

Andika mapema, kabla hayajafifia: saa, dawa, maneno uliyoambiwa. Mimi niliandika nyuma ya kadi ya kliniki. Kisha omba kumwona mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, na usiende peke yako. Shangazi alinisindikiza, kanga kaifunga kiunoni utadhani anaenda kugombana. Uliza: dripu ya uchungu niliwekewa kwa nini? Mtoto alikwama wapi? Majibu hayo utayahitaji mimba ijayo. Maelezo nilipata, samahani, hapana.

Huzuni ikipita wiki mbili, au usingizi ukigoma hata mtoto akilala, mwambie nesi siku ya kumpima mtoto. Usingoje arobaini. Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au homa ikipanda, rudi hospitali usiku huohuo, hata kama ni ileile.