Seva ya nyumbani inaandika "irq 16: nobody cared": namna ya kumsaka anayegonga

Habari zenu wakuu. Hili swali limeniijia mara nyingi mno kwahiyo bora niliandike mara moja liishe.

Dalili ni hizi: seva ipo poa, ghafla kukopi mafaili kunakuwa kwa kujikokota au mtandao unakata, ukiingia kwenye logi unakutana na "irq 16: nobody cared", halafu chini yake "Disabling IRQ #16". Namba inaweza kuwa 17, 18, yoyote ile. Yangu ni mnara wa ofisini wa zamani, una Debian (aina ya Linux) na diski nne, naweka humo video za harusi ambazo bro anapiga, spidi ilikuwa inacheza megabaiti 60 kwa sekunde ikaporomoka hata moja haifiki. Nikaamini diski imekufa nikanunua nyingine, na haikuwa diski. Sitaki mwingine apoteze hela hivyo.

Elewa kwanza hili, maana ukilikosa utamsumbua asiye na kosa. Kifaa kikitaka kuhudumiwa na prosesa kinapiga intarapti kupitia laini yake (hiyo ndo IRQ), sawa na abiria anayegonga bodi ya daladala ashushwe. Laini za zamani wanagawana, vifaa vitatu vinne vinagonga bodi moja. Kerneli (moyo wa mfumo) inasimamisha gari inauliza kila draiva (programu inayoendesha kifaa) ya laini hiyo, wewe ndo unashuka? Wote wakisema si mimi gari inaondoka, inagongwa tena, inasimama tena. Katika kila intarapti 100,000 kerneli inapiga hesabu, zikizidi 99,900 ambazo hazina mwenyewe inafunga laini nzima, haisikilizi mtu. Na yule aliyetaka kushuka kweli naye anapitilizwa kituo!

Kwahiyo jina unaloliona chini ya neno "handlers" mara nyingi siyo mkosaji. Huyo ni mmoja wa waliojibu si mimi.

Hatua ya 1. Soma ujumbe wote, usiishie mstari wa kwanza:
sudo dmesg | grep -A25 "nobody cared"
Andika pembeni namba ya laini na majina ya draiva.

Hatua ya 2. Angalia nani anakaa laini hiyo:
watch -n1 cat /proc/interrupts
Hapa tulia uangalie kabisa. Kwangu laini ya 16 ilikuwa na ehci_hcd (draiva ya USB) na kadi ya mtandao, na ukijumlisha safu zote za prosesa unapata 300,000 kamili, imeganda, wakati laini nyingine zote zinapanda kila sekunde. Ukiona jumla imeganda kwenye laki kamili ujue umeipata. Halafu piga sudo lspci -vv, tafuta vifaa vyote vyenye "IRQ 16", hata vile visivyo na draiva, hao ndo wa kwanza kushukiwa kwa sababu wanaweza kugonga na hakuna wa kuwajibia.

Hatua ya 3. Punguza abiria. Ingia bayosi (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uzime usivyotumia, sauti ya kwenye madabodi, poti ya siriali, FireWire kama ipo. Kuondoa draiva tu siyo sawa na kuzima kifaa, kifaa bado kina umeme na bado kinaweza kugonga. Zima kimoja kimoja, washa, subiri, ukizima vyote kwa mpigo hutajua alikuwa nani.

Hatua ya 4. Apdeti bayosi na kerneli. Chomoa kadi, futa meno yake, irudishe au ihamishie sloti nyingine, maana sloti nyingine mara nyingi ni laini nyingine.

Hatua ya 5, na hapa ndo nilipomkamata wangu. Kwenye lspci -vv angalia mstari wa MSI, ikiwa "Enable+" kifaa kinatuma ujumbe wake chenyewe hakigawani laini na mtu, ikiwa "Enable-" kipo kwenye laini ya zamani. Kadi yangu ilikuwa ya sloti ya PCI ya zamani, na kwenye madabodi nyingi za karibuni sloti hiyo inapita kwenye chipu ya daraja inayogeuza kuwa PCI Express. Baadhi ya hizo chipu ujumbe wa "nimemaliza" unapotea njiani, laini inabaki imevutwa milele. Nikaitoa nikaweka kadi ya PCI Express yenye MSI, kimya mpaka leo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu ujumbe wenyewe unasema weka irqpoll, si tungeweka tu yaishe?
Jibu: Inasaidia usiku wa leo uokoe data zako. Unaiongeza kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub kisha sudo update-grub. Ila kila intarapti isiyo na mwenyewe, na kila mpigo wa saa ya mfumo, kerneli inazungukia draiva zote, prosesa inachoka bure na mgongaji bado yupo. Usiifanye tiba.

Swali: Natumia laptop kama seva maana betri inanisaidia umeme ukikatika, ya kwangu ni laini ya 9, acpi (inayosimamia umeme na vitufe), haijafungwa ila kworker (kazi za ndani za kerneli) inakula prosesa nzima.
Jibu: Hiyo ni ndugu yake dada. Piga grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe* ukiacha gpe_all ambayo ni jumla ya zote, utaona mmoja una namba kubwa kupita wote na inazidi kukimbia. Tuseme ni gpe13, ukiwa root piga echo disable > /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe13. Kama kuna kitufe au kufunika skrini kumeacha kufanya kazi irudishe kwa enable. Ukizima na kuwasha mashine inarudi, kwahiyo apdeti bayosi kwanza.

Swali: Naweza kuifungua laini bila kurestati? Kuna watu wanaitumia.
Jibu: Ndiyo, modprobe -r draiva ya kifaa kilicho kwenye laini hiyo halafu modprobe tena, laini inafunguka. Usijaribu kwa draiva ya diski yenye mfumo, na kama ni ya mtandao uwe umekaa mbele ya mashine siyo kwa SSH (kuingia kwa mbali), utajifungia nje.

Swali: Nitajuaje imepona?
Jibu: Kopi faili kubwa, giga 50 hivi, huku /proc/interrupts ipo wazi pembeni. Mimi niliacha usiku kucha, asubuhi dmesg haina kitu na namba ya kadi bado inapanda.